Maduka ya kanda Somalia: Yalivyostawi na jinsi yalivyonyamazishwa

Katika nchi nyingi, maduka ya muziki yaliangushwa na intaneti. Kusini mwa Somalia, kuanzia Mogadishu hadi Kismayo, vita na marufuku vilitangulia.

Enzi ya kanda

Baada ya Jenerali Mohamed Siad Barre kutwaa madaraka Oktoba 1969, muziki uliwekwa chini ya usimamizi wa serikali. Makundi makubwa, kama vile Waaberi, yalikuwa ya taasisi za umma, na nyimbo nyingi zilirekodiwa Redio Mogadishu. Santuri zilizotolewa nchini zilikuwa chache mno.

Pengo hilo lilizibwa na kanda za kaseti. Kazi iliyofanywa kwingineko na makampuni yenye matawi, Somalia ilifanywa na maduka madogo. Mwenye duka aliweka kanda mama, mteja akachagua nyimbo, naye akazinakili kutoka mashine moja hadi nyingine. Nakala ilizaa nakala, na kila mara sauti ilififia kidogo. Kwa kawaida msanii hakupata ujira wowote kutokana na mauzo hayo.

Kanda haikujua mpaka. Kwa Wabajuni wa Koyama, Chovai na Chula, ambao Kibajuni chao ni lahaja ya Kiswahili, taarab ya Lamu na Mombasa ilikuwa muziki wa jirani, na kanda ilikuwa mzigo mwepesi chomboni.

Vita na marufuku

Serikali ya Barre ilianguka Januari 1991. Miji iliporwa, wasanii wakatawanyika, na Wabajuni wengi wakakimbilia pwani ya Kenya kwa mashua. Biashara inayotegemea umeme, amani na mteja mwenye akiba haikuweza kustahimili hali hiyo.

Maduka yaliyosalia au kufunguliwa upya yalikabiliwa na pigo la pili. Al-Shabaab, waliouteka mji wa Kismayo Agosti 2008, walipiga marufuku muziki na maonyesho ya filamu katika maeneo yao. Aprili 2010 kundi la Hizbul Islam lilivipa vituo vya redio vya Mogadishu siku 10 kuacha kupiga muziki, na vituo visivyopungua 14 vikatii. Al-Shabaab waliondoka Kismayo mwaka 2012, baada ya majeshi ya Kenya na washirika wao wa Kisomali kuushambulia mji huo.

Anguko la aina nyingine

Nchini Uingereza hali ilikuwa tofauti. Kampuni ya HMV ilifungua duka lake la kwanza mtaa wa Oxford, London, mwaka 1921, ikakua hadi kuwa na mamia ya maduka. Mauzo ya mtandaoni na upakuaji wa nyimbo viliipokonya wateja, ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Januari 2013 na tena Desemba 2018. Hata hivyo ilipata wanunuzi, na Novemba 2023 ikarejea mtaa huohuo. HMV ilipofunga milango, nyimbo ilizouza hazikupotea. Somalia, nyimbo zenyewe zilikuwa hatarini.

Kilichookolewa

Kabla ya Hargeisa kushambuliwa kwa mabomu mwaka 1988, watu waliohofia kuteketea kwa hazina ya redio ya mji huo walizificha kanda, nyingine zikafukiwa ardhini. Leo wakfu wa Redsea katika mji huo unahifadhi zaidi ya kanda 10,000, baadhi zikiwa zimetoka kwa watu binafsi. Mwaka 2017 mkusanyiko wa nyimbo za Kisomali uitwao Sweet as Broken Dates, uliotokana kwa sehemu kubwa na kanda za aina hiyo, ulitolewa na baadaye ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Unakili ule ule uliomnyima msanii haki yake ndio uliozisambaza nyimbo katika nyumba nyingi, ndani na nje ya nchi. Kwa sababu hiyo, duka liliweza kuchomwa au kufungwa na wimbo ukasalia kwa mteja.