Jinsi vyeti vya shule na vya ufundi vilivyobadilika Kenya, na yale yasiyoonekana katika takwimu

KILA matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, yanapotangazwa, macho ya wengi huelekea kwenye idadi mbili: ya watahiniwa waliopata gredi ya A na ya waliofikisha C+, ambayo ni alama ya chini ya kujiunga na chuo kikuu. Idadi hizo zikipanda, husemwa kuwa elimu imeimarika. Zikishuka, lawama huwaangukia walimu na wanafunzi. Hata hivyo, historia ya vyeti nchini yaonyesha kwamba mara nyingi kilichobadilika si akili ya mtoto bali kanuni ya kumpima.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa miaka ya 2015 hadi 2017. Mnamo 2015, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A, na zaidi ya 165,000, takriban theluthi moja ya waliofanya mtihani, walipata C+ na zaidi. Mwaka uliofuata A zilikuwa 141 pekee nchini kote, na waliofikisha C+ wakawa 88,929, sawa na asilimia 15. Mnamo 2017 waliofikisha C+ walipungua tena hadi 70,073, yaani asilimia 11, ilhali idadi ya watahiniwa ilikuwa imepita 610,000. Zaidi ya nusu ya watahiniwa wa mwaka huo walipata D+ kwenda chini, wakiwemo zaidi ya 35,000 walioambulia E.

Haiwezekani kwamba ufundishaji katika shule za upili uliporomoka kiasi hicho katika muda wa miezi 12. Mtihani wa 2015 uligubikwa na udanganyifu. Karatasi za maswali zilisambazwa kwa simu kabla ya wakati, na matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutiliwa mbali. Mnamo Machi 2016, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dkt Fred Matiang'i, alivunja bodi ya Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC), na Prof George Magoha akateuliwa kuwa mwenyekiti mpya. Mitihani ikaanza kuhifadhiwa katika makontena yanayofunguliwa kwa funguo mbili zinazowekwa na maafisa wawili tofauti, na walimu wakuu wakabebeshwa jukumu la kusimamia vituo vyao wenyewe. Matokeo, ambayo hapo awali yalitoka mwaka mpya ukiwa umeanza, sasa yalitangazwa Desemba.

Kasi hiyo ilizua malalamiko. Vyama vya walimu vilidai kwamba usahihishaji uliharakishwa na kwamba maelfu ya watoto walionewa. Serikali nayo ilishikilia kuwa gredi za awali zilikuwa za wizi na kwamba hizi ndizo halisi. Pengine kila upande ulikuwa na chembe ya ukweli. Lisiloweza kupingwa ni kwamba mwanafunzi wa kiwango kile kile angeweza kupata cheti kimoja akifanya mtihani 2015 na kingine akiufanya 2016, na vyeti hivyo viwili vitafikishwa mbele ya mwajiri mmoja kwa miaka 30 au zaidi bila yeyote kuuliza.

Athari hazikuishia kwa watahiniwa. Tangu 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo ya jioni na wikendi kwa wanaojilipia karo, vyuo vikuu vya umma vilikuwa vimezoea kuishi kwa fedha za wanafunzi waliopata C+ lakini wakakosa nafasi za serikali. Baada ya 2016, waliofikisha alama hiyo walikuwa wachache kiasi kwamba wote waliweza kupewa nafasi na serikali, wengine wakipelekwa hata katika vyuo vikuu vya kibinafsi. Chemchemi ya karo ikakauka. Sehemu ya madeni ambayo yamevisumbua vyuo vikuu vya umma tangu wakati huo inaanzia hapo.

Idadi zilianza kupanda tena hatua kwa hatua. Waliofikisha C+ walikuwa 90,377 mnamo 2018, kisha 173,345 mnamo 2022, na 201,133 mnamo 2023. Mtihani wa 2024 ulitoa 246,391, nao wa 2025 zaidi ya 270,000. Ongezeko hilo lina sababu zaidi ya moja. Kwanza, watahiniwa wenyewe wameongezeka, hasa baada ya serikali kuagiza mnamo 2018 kwamba kila mtoto aliyemaliza darasa la nane aingie kidato cha kwanza. Kundi hilo lilifanya KCSE 2021, na watahiniwa wakapita 820,000.

Sababu ya pili ni ya kikanuni, na ndiyo isiyotajwa sana. Hadi 2022, gredi ya jumla ilikokotolewa kwa masomo saba yaliyojumuisha Hisabati, Kiingereza, Kiswahili na angalau sayansi mbili. Kuanzia 2023, yanayolazimishwa ni Hisabati na lugha moja tu, ile ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara ya Kenya. Matano mengine huwa ni yale aliyoyafaulu zaidi. Mwanafunzi aliyekuwa akivutwa chini na Fizikia au Kemia aliponea. Kwa hivyo anayelinganisha matokeo ya 2022 na ya 2023 kana kwamba ni ya mtihani mmoja analinganisha mizani miwili tofauti.

Kwa wapenzi wa Kiswahili, mabadiliko hayo yana uchungu wake, maana mtahiniwa sasa anaweza kuanguka Kiswahili na gredi yake isiguswe. Lugha hii ilipata nafasi yake katika mitihani kwa kuchelewa. Cheti cha elimu ya msingi cha CPE, kilichotolewa kabla ya mfumo wa 8-4-4, kilikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati na karatasi ya maarifa ya jumla. Kiswahili hakikutahiniwa. Ni mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulioingiza Kiswahili katika KCPE na kukifanya cha lazima hadi kidato cha nne. Vizazi vya waandishi, watangazaji na walimu wa Kiswahili vilitokana na uamuzi huo.

Wazazi walio na umri wa miaka 55 na zaidi wangali na makaratasi yenye majina ambayo vijana katika ofisi za wafanyakazi huyatazama kwa mshangao. Kuna KJSE, iliyofanywa mwishoni mwa kidato cha pili. Kuna EACE ya kidato cha nne na EAACE ya kidato cha sita, zilizotolewa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa katika baraza hilo mnamo 1971. KNEC ilipoundwa 1980, Kenya ikaanza kutoa KCE na KACE zake yenyewe. Wakati huo mtu hakuulizwa ana gredi gani ya jumla bali yuko divisheni ya ngapi. KACE ilifanywa kwa mara ya mwisho 1989, mwaka ule ule ambao KCSE ya kwanza ilifanywa, na kidato cha sita kikafungwa.

Nia ya 8-4-4 ilikuwa kumpa kijana ujuzi wa mikono hata kama hangeendelea na masomo. Useremala, upishi, ushonaji na kilimo viliingia darasani, na wazazi wakachangishwa fedha za kujenga karakana. Nyingi hazikupata vifaa. KCPE, iliyokuwa na jumla ya alama 700, ilipunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi karatasi tano na alama 500, na masomo ya mikono yakawa miongoni mwa yaliyotupwa nje ya mtihani. Shule nyingi ziliacha kuyafundisha, kwani lisilotahiniwa nchini hufundishwa kwa nadra.

Ufundi basi ukaachiwa vyuo vyake, na humo vyeti vina historia nyingine. Vyuo vya ufundi vya vijijini vilianza katika miaka ya 1960 kwa juhudi za Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK), lililokuwa na wasiwasi kuhusu vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa pa kwenda. Katiba ya 2010 iliviweka chini ya kaunti. Aliyesomea humo, au aliyejifunza kwa fundi wa jua kali bila kukanyaga chuo, aliweza kufanya mtihani wa serikali ambao mafundi huuita 'gredi testi', wenye ngazi tatu, ya tatu ikiwa ya chini na ya kwanza ikiwa ya juu. Mtihani huo sasa husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Fundi hupewa kazi na kutazamwa akiifanya. Wengi waliokosa hata cheti cha msingi walipata kupitia mtihani huu karatasi yao ya kwanza yenye muhuri wa serikali.

Juu ya hiyo vilikuwepo vyeti vya KNEC vya Artisan na Craft, kisha diploma. Ngazi hizo zilieleweka vyema na waajiri wa zamani. Tatizo ni kwamba kila mzazi alitaka mtoto wake awe na digrii, na serikali ikamwitikia. Vyuo viwili vilivyosifika zaidi kwa diploma za ufundi, Kenya Polytechnic jijini Nairobi na Mombasa Polytechnic, vilifanywa vyuo vikuu vishiriki mnamo 2007 na vyuo vikuu kamili mnamo 2013. Wahandisi wakaongezeka, lakini fundi wa kati, yule anayesoma mchoro wa mhandisi na kuwaelekeza vibarua, akawa adimu katika maeneo ya ujenzi na viwandani.

Anguko la gredi la 2016 na 2017 lilibadilisha mkondo huo kuliko hotuba yoyote. Mamia ya maelfu ya vijana waliokosa C+ walihitaji mahali pa kwenda, na mnamo 2018 serikali ikaanza kuwalipia wanafunzi wa vyuo vya kiufundi Sh30,000 kila mmoja kwa mwaka, huku Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) ikiwapa mikopo. Wapo pia waliopata C+ na zaidi wakachagua vyuo hivyo kwa hiari, jambo ambalo miaka ya nyuma lingezua kikao cha ukoo.

Wakati huo huo vyeti vyenyewe vilikuwa vikibadilika. Sheria ya 2013 kuhusu mafunzo ya kiufundi iliunda baraza jipya, TVET CDACC, linalotahini umahiri badala ya kumbukumbu. Mwanafunzi hapewi alama 67 au 43. Huamuliwa kwamba ana umahiri wa kazi fulani au bado. Mwaka wa 2014 ilipitishwa sheria nyingine iliyounda mamlaka ya sifa za masomo, KNQA, na mfumo wa viwango 10 ambamo shahada ya uzamifu iko kileleni, digrii ya kwanza kiwango cha 7 na diploma kiwango cha 6. Mfumo huo pia unampa nafasi fundi aliyejifunzia kazini kutahiniwa na kupata cheti kwa ujuzi alio nao tayari.

Kwa miaka kadhaa, kwa hivyo, vijana wawili waliosomea umeme katika chuo kimoja wameweza kutoka na vyeti visivyofanana, mmoja Craft ya KNEC na mwingine kiwango cha 5 cha CDACC. Kwa mujibu wa sheria wako sawa. Mwenye kampuni ndogo mjini Thika au Eldoret hana muda wa kusoma sheria, naye humchukua yule ambaye cheti chake kinatajwa kwa jina analolijua.

Thamani ya cheti huonekana pia kwa wale wanaokighushi. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa ukaguzi katika taasisi za umma uligundua vyeti bandia zaidi ya 2,000, na orodha ikakabidhiwa wapelelezi. Kwa upande mwingine kuna wenye vyeti halali wasivyoweza kuvitumia, kwa sababu vimefungiwa kabatini na shule kutokana na malimbikizo ya karo. Mawaziri kadhaa wameagiza viachiliwe, na bado kuna watu waliomaliza kidato cha nne miaka mingi iliyopita ambao hawajawahi kukishika cheti chao mkononi.

Mitihani hii nayo inaelekea ukingoni. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023, na watahiniwa zaidi ya milioni 1.4. Wanafunzi wa mtaala wa umilisi walifanya tathmini ya kwanza ya gredi ya sita mnamo 2022 na ya gredi ya tisa mnamo 2025. Katika hiyo ya pili, mtihani wenyewe ulichangia asilimia 60 ya matokeo, tathmini ya gredi ya sita asilimia 20, na kazi za darasani za gredi ya saba na ya nane asilimia 20. Badala ya A hadi E kuna viwango vinane, kuanzia kwa aliyevuka matarajio hadi aliye chini yake. Januari 2026 wanafunzi hao waliingia sekondari pevu, wakigawanywa katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo.

Kulingana na ratiba ya masomo, KCSE ya mwisho itafanywa 2027, na wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 12 watatahiniwa 2028. Watakapokwenda kutafuta nafasi vyuoni na kazini, karatasi yao haitakuwa na C+.