Tuseme Kima

Imenifikia hapa Kasongo, kwa mkono wa mgeni aliyevuka Ziwa Tanganyika, faharasa moja ya istilahi za fedha na mirathi. Ndani yake nimekuta "thamani ya kuuzia tena". Ndivyo kamati iliyotunga faharasa hiyo ilivyoiita bei inayokisiwa ya kitu kilichokwisha kutumika, kabla hakijapelekwa sokoni. Maneno manne kwa jambo moja, na yote manne yamekosa shabaha. Nilikaa nayo majuma mawili nikijaribu kuyaheshimu, kwa kuwa najua kazi ya kamati si nyepesi. Nimeshindwa.

Niliyasoma siku zile zile ambazo ukoo wetu ulikuwa ukigawana mirathi ya babu, aliyekuwa mwindaji upande wa Kabambare. Mashamba yana mipaka na nyumba ina vyumba, hayo yalikwisha kwa asubuhi moja. Kilichotukalisha hadi magharibi ni bunduki: ya kuwindia, mtutu mmoja wenye michirizi ndani, ya risasi ya 10.75 kwa 68 ya Mauser, ambayo Mbelgiji mmoja alimwachia babu alipokuwa akiondoka mwaka 1960. Bunduki haikatwi vipande. Lazima mmoja aichukue na awafidie wenzake, na hawezi kufidia bila hesabu. Hapo shangazi yangu akauliza kwa Kiswahili chetu cha huku: "Kama hatuiuzishe, bei inatoka wapi?"

Swali la shangazi lina elimu kuliko ukurasa mzima wa faharasa ile. Tazameni kitenzi alichokitumia. Kwa wengi wetu mashariki mwa Kongo, kuuza ni kutoa fedha na kupokea mali. Anayetoa mali na kupokea fedha huyo anauzisha. Basi mpe mtu wa huku karatasi yenye "thamani ya kuuzia tena" naye ataelewa kwamba anaambiwa habari za fedha za kununulia kitu mara ya pili. Maana imegeuka miguu juu. Waliotunga neno hilo walisahau kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa kwa mujibu wa Katiba ya Kongo ya 2006, na kwamba Kasongo kilizungumzwa kabla baadhi ya miji yenye kamati haijajengwa. Sisemi Kiswahili chetu kiwe kipimo cha wote. Nasema istilahi inayovuka ziwa ikapinduka haijakomaa.

Na hiyo "tena" imetoka wapi? Tena hudai mara ya kwanza. Bunduki ya babu haikupata kuuzwa kwake, iliachwa. Nyingine za Maniema zilibadilishwa kwa pembe, nyingine zilitekwa vitani. Mali ya urithi haina mara ya kwanza wala ya pili, ina mkono hadi mkono.

Sasa niingie katika asili, maana hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Tuna maneno matatu yaliyotujia kutoka Kiarabu, nasi tumeyachanganya kama punje za magunia matatu. Bei asili yake ni uuzaji wenyewe. Pasipo kuuziana hakuna bei, na ndiyo maana shangazi hakuiona. Thamani asili yake ni kile walichoafikiana muuzaji na mnunuzi, yaani malipo. Kima, kutoka qima, ni kile ambacho kitu kinastahili kwa makisio ya wenye kukijua, hata kisipouzwa milele. Wanasheria wa Kiislamu walishika tofauti hii kwa makini: mtu akiharibu mali ya mwenziwe isiyo na mfano wake sokoni, hulipa qima yake, kwa sababu hapakuwa na mapatano ya kutazamwa. Bunduki ya kale iliyorithiwa ni mali ya namna hiyo hasa. Hakuna ya pili iliyo sawa nayo, na hakuna aliyepatana juu yake.

Shina la kima ni kusimama. Kutoka shina hilo hilo tumepata kaimu, asimamaye mahali pa mwingine, makamu, kiyama, siku ya kusimamishwa, kukimu mahitaji, na takwimu, ambayo zamani ilikuwa kalenda na leo ni hesabu za serikali. Kima basi ni kaimu wa mali: fedha inayosimama mahali pa bunduki wakati bunduki yenyewe ingali ukutani. Tena Kibantu chetu kimekutana nalo njiani, kwa kuwa nasi tuna wima na kimo, vyote vya kusimama. Ni mara chache mno maneno ya koo mbili hupeana mikono hivyo, nasi tunaliacha neno hili lilale kwenye mishahara tu, "kima cha chini", kana kwamba halina kazi nyingine.

Mwenzangu mmoja, ambaye makala zake husomwa kuliko zangu, ananiambia neno lipo tayari: uthamini, na mtu wake mthamini. Tanzania hata imetunga Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, ya mwaka 2016. Kwa viwanja na majengo sina ugomvi. Lakini kuthamini ni kupenda na kutukuza pia. Ami yangu aliithamini bunduki ile kweli kweli, hadi machozi, naye akataja kiasi ambacho kingenunua ng'ombe wa kijiji kizima. Kazi ya istilahi ilikuwa kumtenganisha ami na machozi yake. Neno moja linapobeba mapenzi na hesabu kwa pamoja, wagawa mirathi hugombana wakidhani wanazungumza jambo moja.

Wengine wamelicheka pendekezo langu wakisema kima ni yule mnyama wa msituni. Hoja hiyo niliisoma katika barua fupi ya kukataliwa, na iliniuma, kwa sababu aliyeiandika anafundisha sarufi. Mnyama tunasema kima huyu, makima hawa. Makisio tunasema kima hiki, vima hivi. Ngeli zenyewe zimewatenga. Mbona paa wa nyikani hajamzuia mtu kuezeka paa la nyumba? Nami naongeza kwa ujasiri: anayekisia aitwe mtiakima, kwa mfano wa mpigakura na mfanyakazi, na tendo lenyewe liwe kutia kima.

Namna ya kutia kima nitaipitia kwa haraka. Kwanza karatasi: bila kibali halali chini ya ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, hakuna soko halali la kukisia. Tena kwa Kasongo na Kabambare, ambako makundi yenye silaha yamewatesa watu miaka mingi, silaha isiyo na karatasi ni hatari kwa nyumba nzima. Kisha mihuri: kazi ya Liège ina herufi ELG ndani ya umbo la yai, R yenye taji ni alama ya mtutu wa michirizi, na tangu 1922 kuna herufi ya mwaka. Namba za kikomeo na za mwili zilingane. Mtutu uchunguliwe kutu, kitako kichunguliwe ufa, wala asije mtu akaking'arisha chuma upya kwa kudhani anakipandisha kima, kumbe anakishusha. Risasi za 10.75 ni adimu, na uadimu huo unapunguza kima kwa mwindaji, haupunguzi sana kwa mkusanyaji.

Juu ya muhuri wa ELG huwekwa taji dogo kwa silaha zilizopimwa kuanzia 1893. Ni mwaka ule ule ambao Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, aliuteka Kasongo, tarehe 22 Aprili, mji ambao Hamed bin Muhammed el Murjebi na mwanawe Sefu waliutawala kwa pembe na bunduki. Miaka mitatu kabla, Mkataba wa Brussels ulikuwa umezuia bunduki za michirizi zisiingizwe kuuzwa kwetu, ukaacha zile za gumegume. Kwa hiyo bunduki yenye michirizi kutofika mikononi mwa babu zetu kwa njia ya duka si bahati mbaya. Ilikuwa sheria. Mtiakima asiyejua hayo atauliza risiti ya ununuzi, na hataipata.

Jamaa zangu walikubaliana. Kwenye karatasi ya mgawo, mbele ya neno bunduki, tumeandika "kima chake", kisha tarakimu, kisha saini saba, ya shangazi ikiwa ya kwanza.

Wewe msomaji wa Kasongo, Nyangwe au Kabambare, kama sandukuni mwenu kuna hati ya mirathi ya wazee iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, usiitupe wala usiiuze kwa wapita njia. Mtafute anayeweza kuisoma, mwulize kama neno kima limo, nawe uniletee nakala ya mstari huo.