Mhariri na Fundi wa Mtambo

Msomaji, ukishika gazeti mkononi, au ukilisoma katika simu, aghalabu huuliza ni nani aliyeandika. Ni mara chache kuuliza ni nani aliyelitengeneza. Jina la mhariri huchapishwa. Jina la fundi halionekani. Hata hivyo historia ya magazeti katika nchi zetu haiwezi kuelezwa sawasawa pasipo watu hawa wawili, na limewahi kufa gazeti lenye wasomaji tele wakati mwenyewe angali njiani akitafuta mtambo.

Hapo mwanzo tofauti baina yao ilikuwa ndogo. Shule ya wamisionari wa UMCA huko Kiungani, Unguja, ilianza kutoa gazeti la Msimulizi mwaka 1888. Wanafunzi ndio walioshika kalamu, na katika shule hiyo hiyo vijana walifundishwa kupanga herufi za risasi na kupiga chapa. Aliyejua habari hakuwa mbali na aliyejua mashine.

Nairobi katika miaka ya 1940 mambo yalikuwa kinyume cha hayo. Waafrika waliotaka kutoa magazeti walikuwa na kalamu na walikuwa na wasomaji, ila hawakuwa na mitambo. Kampuni za Wazungu hazikuwa tayari kuchapisha maneno ya kuipinga serikali ya kikoloni. Basi wahariri hao wakabisha hodi kwa wapiga chapa wa Kihindi. Mmoja wa Wahindi waliojulikana sana katika kazi hiyo alikuwa Girdhari Lal Vidyarthi, mwenye gazeti la Colonial Times, ambaye mwenyewe alitiwa jela katika miaka hiyo kwa ajili ya maneno yaliyotoka katika gazeti lake. Usidhani kwamba urafiki huo ulikuwa wa biashara tu. Mwaka 1950 sheria ilibadilishwa ili mahakama iweze kuutwaa mtambo uliochapisha maneno ya uchochezi. Tangu hapo mhariri alipoandika sentensi kali, aliyehatarisha mali yake alikuwa mpiga chapa.

Mtu aliyeyatambua hayo vizuri ni Henry Muoria. Alizaliwa mwaka 1914 katika nchi ya Kabete, akafanya kazi ya ugadi katika reli, kisha akaiacha ili awe mwandishi. Mwaka 1945 alianzisha Mumenyereri, gazeti la Kikuyu lililopata wasomaji maelfu. Nyumba yake ikawa ofisi, na wakeze wakamsaidia katika kazi. Lakini kila toleo lilipaswa kupita katika mtambo wa mtu mwingine, na mtu huyo akiogopa, gazeti halitoki. Kwa hiyo mwaka 1952 Muoria alisafiri kwenda Uingereza, akitafuta mashine yake mwenyewe ya kuchapishia. Alipokuwa huko, mwezi wa Oktoba, hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya, na magazeti ya Waafrika yakapigwa marufuku, Mumenyereri likiwa miongoni mwao. Hakuweza kurudi kuliendeleza. Aliishi London, akarudia kazi ya ugadi, safari hii katika reli ipitayo chini ya ardhi, na huko alifariki mwaka 1997. Mimi huona kwamba katika habari zote za magazeti yetu hakuna iliyo chungu kuliko hii: mhariri aliyekwenda kutafuta mtambo, akakosa mtambo na gazeti pamoja.

Miaka mingi ilipita. Daily Nation lilianza mwaka 1960, na mitambo ya Nairobi ikawa ya kisasa. Hayo nayapita upesi. Nataka ufike nami hadi tarehe 30 Desemba 2007. Siku hiyo matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa, ghasia zikaenea, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja katika redio na televisheni. Vituo vilikuwa na mitambo bora kuliko yote Muoria aliyoweza kuiota, walakini haikusaidia: amri moja ilitosha.

Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika habari za siasa katika intaneti, alikuwa akipokea taarifa nyingi za watu waliouawa na nyumba zilizochomwa, asiweze kuzimudu peke yake. Mwanzoni mwa Januari 2008 aliandika akiuliza kama kuna mafundi wa kompyuta wawezao kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali kila jambo lilipotokea. Waliitika akina David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman. Kobia alikuwa Marekani. Hawakukaa katika chumba kimoja. Kwa muda wa siku chache tu ramani ilikuwa tayari, nao wakaiita Ushahidi. Mtu aliweza kuituma habari kwa ujumbe mfupi wa simu, na kabla ya kuwekwa, jitihada ilifanywa ya kuipima. Hapa ndipo kazi ya mwandishi na ya fundi zilipokutana, kwa kuwa programu yaweza kupokea habari elfu, lakini kuutenga uvumi na ukweli kwahitaji mtu anayejua kuuliza. Katika ghasia zile walikufa watu zaidi ya 1,100. Mwaka 2010 programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Jambo lililofuata laweza kukugusa wewe ukaaye Kisaju, kando ya barabara iendayo Namanga. Mwaka 2012 mpango ulioitwa Code4Kenya uliwapeleka mafundi wa programu kukaa ndani ya vyumba vya habari, meza moja na wahariri. Haikuwa rahisi, mhariri hufikiri toleo la kesho, fundi hufikiri kazi ya miezi. Wakati wa kuandikisha wapiga kura wa uchaguzi wa Machi 2013, Tume ya Uchaguzi ilitoa orodha ya vituo katika waraka mrefu uliokuwa taabu kuusoma katika simu. Sasa fikiri juu ya nchi ya Kitengela na Kisaju, ilivyojaa watu waliotoka mbali wakanunua viwanja katika mbuga zilizokuwa za malisho. Mzaliwa wa mahali ajua shule ya kwenda kujiandikisha. Mgeni hajui, wala haoni vema kumuuliza jirani katika mambo ya siasa. Vijana wawili wa Kenya waliuchambua waraka ule, wakaugeuza kuwa ukurasa mwepesi uitwao GotToVote, ambapo mtu huchagua kaunti yake na jimbo lake akaonyeshwa kituo. Kazi hiyo iliwachukua muda wa siku moja, na mwaka 2014 ukurasa wa namna hiyo ulitumiwa na wapiga kura wa Malawi.