Wala Shaba: Kwa Baiskeli toka Lubumbashi hadi Kipushi

Mtu apitaye kwa motokaa haoni nchi, huona vumbi tu. Naye apitaye kwa miguu huona yote, lakini jua humshinda kabla hajafika. Kwa hiyo sisi makatekista watatu tulichagua njia ya katikati. Kiangazi kilichopita tulipanda baiskeli zetu, ambazo watu wa Lubumbashi huziita kinga, tukashika njia ya Kipushi, mwendo wa kilomita kama 30 upande wa kusini-magharibi, karibu na mpaka wa Zambia.

Sababu ya safari ilikuwa swali la mtoto. Siku moja baada ya mafundisho alituuliza: “Ni nani aliyeanza kuchimba shaba katika nchi yetu?” Wenzake wakajibu wote pamoja: “Wazungu!” Tuliona haya, kwa maana watoto hawakulijua jambo ambalo sisi wakubwa ndio tuliopaswa kuwafundisha. Basi tukaamua kulifuata jibu njiani, na kulileta hapa kwa faida ya wote.

Tulitoka alfajiri. Nyuma yetu lilisimama bomba kubwa la moshi la kiwanda, na kando yake lundo jeusi la mavi ya shaba, mfano wa mlima. Vitu hivi viwili kila mtu wa Lubumbashi avijua tangu utoto. Habari zake si za zamani sana. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli toka kusini ilifika mwaka 1910, na mwaka huo mji ulianzishwa, ukaitwa Elisabethville. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ya kiwanda ilimiminwa kando ya mto Lubumbashi, na jina la mto huo ndilo mji uliopewa mwaka 1966. Watu wengi hudhani kwamba hadithi ya shaba yaanzia hapo. Sivyo. Hapo ni katikati ya hadithi.

Tulipotoka mjini tulianza kuviona vichuguu vikubwa vya Katanga, vingine virefu kupita nyumba. Tulipumzika kwenye kivuli cha kimoja, tukanywa maji. Mgeni akikiona kichuguu huona udongo na mchwa. Wazee wetu waliona tanuru. Udongo wa kichuguu ni mgumu, tena wavumilia moto. Ndio waliojengea tanuru zao za kuyeyushia shaba.

Tena wazee hao walijua kuisoma nchi kama sisi tusomavyo kitabu. Katika Katanga viko vilima visivyoota miti, ijapokuwa msitu wa miombo wavizunguka pande zote. Shaba iliyo katika udongo ni sumu kwa miti mingi. Majani huota, na maua madogo yanayopenda udongo wa namna hiyo. Mtu mjinga hupita akasema: “Hapa ni jangwa.” Mjuzi husimama akasema: “Hapa chini pana kitu.” Huchimba, akapata jiwe la kijani, nalo ndilo shaba ambayo haijaonja moto.

Watu hao waliitwa wala shaba. Mwaka 1926 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyekuwa mkuu wa misioni ya Katanga, aliandika habari zao kwa jina hilo. Kula shaba si kuitia kinywani, bali ni kuishi kwa faida yake, kama sisi tusemavyo kwamba mtu ala mshahara wake. Kazi yao ilikuwa na utaratibu. Walingoja kwanza mavuno ya mtama yaishe. Kiangazi kilipoingia, mfalme aliwaita watu, wakaenda kupiga kambi karibu na mashimo. Wanaume walichimba. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani na kuyachagua. Wengine walikata miti na kuchoma makala. Mafundi walijenga tanuru, wakapanga ndani makala na mawe, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi hata shaba ikayeyuka na kushuka chini. Ufundi huo haukuwa wa kila mtu; ulikuwa na mabwana wake na miiko yake, na kijana aliufundishwa polepole. Mvua zilipokaribia, moto ulizimwa, na watu wote wakarudi nyumbani kushika jembe.

Ndugu wasomaji, likumbukeni neno hili la mwisho: walirudi kushika jembe. Tutalirudia.

Shaba iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu, ikawa misalaba yenye mikono minne karibu sawa. Misalaba hiyo haikutoka kwa wamisionari. Ilikuwapo karne nyingi kabla yao. Wataalamu waliochimba makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, waliikuta pamoja na mifupa ya wafu. Kazi hiyo ilianza mwaka 1957, na tangu mwaka 1974 Pierre de Maret aliiendeleza. Waliona kwamba misalaba ya kwanza ilikuwa mikubwa, tena michache. Baadaye ilikuwa midogo, mingi, yenye kipimo kimoja. Maana yake ni wazi: ilikuwa imegeuka kuwa fedha. Basi babu zetu walikuwa na fedha yao, waliyoichimba, kuiyeyusha na kuipima wenyewe. Hata katika miaka ya 1960 hadi 1963, Katanga ilipojitenga, misalaba mitatu ya shaba iliwekwa katika bendera yake.

Katika karne ya 19 walifika Wayeke toka Unyamwezi, nchi iliyo leo Tanzania. Mkubwa wao Msiri alijenga makao yake Bunkeya, akatawala njia za biashara. Mafundi wa Wayeke walijua kuivuta shaba ikawa waya mwembamba wa kutengenezea vikuku. Shaba, pembe za ndovu na, twasema kwa huzuni, watumwa, walipelekwa pwani zote mbili, ya mashariki na ya magharibi. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na watu wa msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka uliofuata, 1892, Jules Cornet, mjuzi wa mawe, alizunguka nchi na kuandika habari za shaba yake. Kisha, tangu mwaka 1899, Mwingereza George Grey alikuja kuitafuta kwa ajili ya kampuni ya Robert Williams. Je, wageni hao waliipataje katika nchi pana namna hii? Waliyafuata mashimo ya wala shaba. Basi mtoto wetu amepata jibu lake: Wazungu hawakuivumbua shaba ya Katanga, walionyeshwa.

Lakini haki yatudai tuseme na hili, kwamba kazi waliyoileta ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Wazee walichimba mawe yaliyo karibu na uso wa nchi, kwa miezi michache. Mashine zilishuka chini ya ardhi, wala hazikujua kiangazi wala masika. Zilidai watu mwaka mzima. Ndipo watu walipoandikwa toka mbali, toka Rhodesia, Kasai na Ruanda-Urundi, wakakaa katika kambi za kampuni, wakila posho iliyopimwa. Walijifunza kazi nyingi, na watoto wao wakasoma. Walipata pia mateso. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa kudai mshahara wa kutosha. Tarehe 9 waliokusanyika uwanjani Elisabethville walipigwa risasi na askari, wengi wakafa, na msemaji wao Léonard Mpoyi pamoja nao. Anayezihesabu tani za shaba na ahesabu na hao.

Tukaendelea kukanyaga. Karibu na saa sita tuliuona mnara wa mgodi wa Kipushi. Mgodi huu ulianza kazi katika miaka ya 1920, ukaitwa kwa jina la Prince Léopold. Ulitoa shaba na zinki, tena germani, na mashimo yake yashuka zaidi ya mita 1,000. Mwaka 1967 Serikali ilichukua mali ya Union Minière, na shirika lililoirithi likaja kuitwa Gécamines. Mwaka 1986 shirika hilo lilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwaka 1994 hazikupita sana tani 30,000. Mgodi wa Kipushi wenyewe ulisimama mwaka 1993. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa shirika waliacha kazi kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia.

Huko Kipushi mzee mmoja aliyefanya kazi chini ya ardhi miaka mingi alitukaribisha, akatupa bukari na mboga toka shamba lake. Tulimwuliza jinsi alivyoishi kazi iliposimama. Alitueleza kwamba mkewe hakuacha kulima hata siku zile mshahara ulipokuwa mzuri, na majirani walimcheka, wakisema mke wa mtu wa mgodi hapaswi kushika jembe. Mgodi uliposimama, majirani hao walikuja kumwomba mbegu. Mwaka 2024 Kipushi ilianza tena kutoa zinki, na vijana wengi wafurahia. Mzee naye afurahi, lakini wajukuu zake amewapimia kila mmoja kipande cha shamba.

Wakati wa kurudi tulikutana na wauza makala waendao Lubumbashi. Kila mmoja alikuwa amefunga magunia juu ya baiskeli yake hata haikuweza kupandwa. Alilazimika kuisukuma, jasho likimtoka. Tuliteremka, tukatembea nao kitambo. Walitueleza kwamba zamani miti ilikuwa karibu, na sasa wanakwenda mbali zaidi kila mwaka. Wala shaba nao walichoma makala, lakini mvua iliuzima moto wao, na msitu ukapata nafasi ya kupumua. Moto wetu wa leo haujui mvua.

Hii ndiyo maana tuliyoiona katika safari yetu. Hatusemi turudi kwenye mivukuto ya ngozi. Siku hazirudi nyuma. Lakini wazee walijua jambo ambalo sisi tumelisahau: shaba huliwa kwa majira, jembe huliwa daima. Shaba ikichimbwa imekwisha, haioti tena. Kwa hiyo kila kizazi chapaswa kujiuliza kimeacha nini mahali pa shimo. Kimeacha shule? Kimeacha shamba, na miti? Au kimeacha shimo tu?

Tulifika Lubumbashi jua likichwa, na bomba la moshi lilikuwa bado mahali pake. Jumapili iliyofuata tulimwita yule mtoto, tukamweleza yote kwa taratibu. Alisikiliza, kisha akauliza swali la pili: “Na sisi tutakula nini shaba ikiisha?” Wazazi wapenzi, swali hilo ni lenu pia. Tafadhali mjibuni pamoja nasi, tena mjibuni kwa mikono.