Kisangani: Tarehe ya Mji wa Maporomoko

Mto Kongo ukitoka kusini huitwa Lualaba, na kuanzia Ubundu, kwa zaidi ya kilomita 100, hauwezi kubeba chombo cha maana. Maporomoko saba ya Boyoma yamefuatana, maji yakishuka jumla ya mita zipatazo 60, na la saba liko Kisangani. Chini yake mto hutulia, na meli huweza kwenda hadi Kinshasa, kilomita zipatazo 1,700. Kila aliyepanda mto kwa biashara au kwa bunduki alisimama hapa, kwa kuwa maji yalimkatalia kupita.

Waliokuwapo kabla ya wageni hao ni Wagenya. Poromoko la mwisho ndilo shamba lao. Husimika magogo kwenye matundu ya mwamba, miti mitatu mitatu, huyafunga kwa kamba za msituni, kisha huteremsha vikapu vikubwa, vipana mdomoni na vyembamba nyuma. Samaki akiingia, nguvu ya mkondo humbana asiweze kugeuka. Mahali pa kutegea pana wenyewe: kila ukoo na mwamba wake, mwana akirithi kwa baba. Mvuvi hukabili maji kwa mtumbwi au kwa kuogelea, hupanda magogo yanayoteleza, huvuta kikapu kwa mikono. Mafuriko yakichukua magogo, hukatwa mengine msituni na kazi huanza upya. Sijui ufundi mwingine wa mji huu uliodumu hivyo.

Msafiri Stanley alipita Januari 1877 akishuka mto. Akarudi kwa meli ya moshi akitokea chini, na tarehe 1 Desemba 1883 akafungua kituo katika kisiwa cha Wana Rusari. Watu aliowaacha hapo walikuwa wachache. Waungwana na Waarabu wa pwani, waliokwisha kuishika miji ya Nyangwe na Kasongo, walikuwa na bunduki nyingi zaidi na hamu ile ile ya pembe za ndovu. Mwaka 1886 mwanamke mtumwa alikimbilia kituoni, na mkuu wa kituo, Deane, akakataa kumrudisha. Vita vikazuka, kituo kikachomwa moto, Deane akajificha msituni hadi alipookolewa. Jina la mwanamke yule vitabu havikulitunza, ingawa kisa kizima kilianzia kwake.

Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye kituo kilikuwa chake, kwa kukosa nguvu alimfanya adui kuwa mtumishi. Februari 1887, huko Unguja, Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammad el Murjebi, aliwekewa mkataba wa kuwa liwali wa Maporomoko kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Wengi hupenda kumsimulia kwa sifa, na kweli alituachia habari za maisha yake kwa Kiswahili. Lakini pembe zilizompa utajiri zilibebwa na mateka, na vijiji vilivyochomwa vilikuwa vya babu zetu. Waliokuja kumwondoa hawakuwa bora. Aliondoka 1890, miaka michache baadaye majeshi ya Leopold yaliwavunja Waarabu, na nchi ikaonja mpira na viboko. Uislamu na Kiswahili vilibaki, na Kiswahili hadi leo husemwa mjini pamoja na Kilingala.

Krismasi ya 1897 padre Mfaransa Gabriel Grison alifika na kuanzisha misioni ya Saint-Gabriel. Mwaka 1906 reli ya kilomita 125 iliunganisha Stanleyville, jina la mji wakati ule, na Ponthierville, Ubundu ya leo, ili mizigo iyazunguke maporomoko. Mji ulipewa jina la Kisangani 1966, baada ya damu nyingi ya uasi wa 1964. Juni 2000, kwa siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji usio wao, na maelfu ya makombora yakaangukia nyumba zetu.

Anayekuja sasa huonyeshwa Wagenya, hupiga picha, huondoka. Ningependa avuke pia hadi Mbiye, kisiwa cha urefu wa kilomita zipatazo 14 juu ya poromoko. Humo mna msitu wa nchi kavu, msitu unaofurika kwa majira na msitu wa kinamasi, yote karibu na mji, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wameifanya darasa lao. Misitu hiyo inapungua. Hukatwa kwa mashamba na kwa makaa, na makaa hayo ndiyo yanayopikia chakula chetu mjini.

Tena ndani ya mji huu huu kuna mto Tshopo, na bwawa la umeme lililojengwa enzi za Wabelgiji. Mama wa mtaa wa Mangobo akipata umeme wa uhakika, kwa bei anayoiweza, hatakuwa na sababu ya kununua gunia la makaa ya Mbiye. Na ada anayotoa mgeni kutazama vikapu yafaa ifike kwenye koo zenye miamba.