Vishikwambi vya Sensa na Hoja ya Mfumo Huria

Agosti 23, 2022, makarani wa sensa walianza kuwahesabu Watanzania kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Walipatikana watu 61,741,120, kati yao 3,085,625 wa Mkoa wa Dodoma. Kazi ilipokwisha, vifaa vilivyozungushwa Kongwa, Bahi na Mpwapwa havikuachwa stoo. Serikali iliamua viende kwa walimu, na kilichokuwa cha kuulizia idadi ya wanakaya kikawa cha kuandalia masomo.

Uamuzi huo ulikuwa wa kiutawala, lakini uliwezeshwa na kilichomo ndani ya kifaa: mfumo wa Android. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991, na sehemu kubwa ya msimbo wake imetolewa na Google tangu 2008 chini ya leseni ya Apache. Kwa hiyo taasisi huweza kuingiza programu yake moja kwa moja, ikaifuta na kuweka nyingine, bila kubisha hodi kwenye duka la kampuni yoyote. Kwa iPhone, kwa kawaida mlango huo unalindwa na Apple.

Watetezi wa mifumo huria hupenda kuanza na bei, na hawakosei. Msimbo wa Android haulipiwi ada ya leseni, jambo lililoisaidia Transsion ya Shenzhen kuijaza Afrika simu za Tecno, Infinix na itel. Hata hivyo, bei ndiyo hoja nyepesi kuliko zote. Kampuni inaweza kushusha bei ya mfumo uliofungwa ikitaka. Isichoweza kuiga kirahisi ni uwezo wa mfumo kuishi baada ya mwenyewe kuuacha. Desemba 2015 Mozilla ilitangaza kusitisha uuzaji wa simu za Firefox OS. Kwa mfumo uliofungwa, hadithi ingeishia hapo. Lakini msimbo ulikuwa wazi, wengine wakauchukua, ukazaliwa KaiOS, mfumo wa simu za vitufe zenye intaneti ambazo zimewafikia hata Watanzania waliozoea kitochi.

Mwaka 2019 Huawei ilionja pande zote mbili za jambo hili. Vikwazo vya Marekani viliikatia huduma za Google, lakini havikuweza kuinyang'anya msimbo huria wa Android. Iliendelea kuunda simu; ila wateja wengi wa Ulaya waliikimbia, kwa kuwa duka la programu na ramani walizozizoea havimo katika sehemu iliyo wazi. Mwaka mmoja kabla, Tume ya Ulaya ilikuwa imeitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34 kwa masharti iliyowabana nayo waundaji wa simu za Android. Anayeiita Android huria bila kuongeza neno anasema nusu ya ukweli.

Nusu ya pili inaihusu Dodoma moja kwa moja. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria Na. 10 ya 2019, ina makao yake makuu jijini humo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kinafundisha wahandisi wa programu. Wataalamu wapo, na msimbo upo. Kinachokwamisha ni kwamba vifaa vya bei nafuu huacha kupata masasisho ya usalama baada ya miaka michache, huku viendeshi vya chipu vikibaki siri ya kiwanda. Mradi wa LineageOS, unaoendeleza msimbo huria wa Android, umezirefushia maisha simu nyingi zilizotupwa mkono na watengenezaji, lakini hauna la kufanya pale ambapo kiwashi cha mfumo (bootloader) kimefungwa kabisa.

Kwa hiyo suala linahamia kwenye karatasi za zabuni. Nchi huhesabu watu kila baada ya miaka 10, na vishikwambi vitahitajika tena. Mnunuzi wa maelfu ya vifaa ana nguvu ambayo mteja wa dukani hana: anaweza kudai kiwashi kinachofunguka, viendeshi vikabidhiwe, na muda wa masasisho uandikwe ndani ya mkataba kabla ya malipo.