Kiungulia Kina Historia, Tena Ilipita Changamwe

Ukila viazi karai Likoni feri saa nne usiku, ukamwagia ukwaju na pilipili mpaka vielee, halafu ufike nyumbani ulale chali, kiungulia kikija usimlaumu mtu. Asidi ya tumboni imepanda kwenye umio, na umio hauna ule utando unaolikinga tumbo.

Sasa kuna watu wanadhani dawa ya hii kitu ilianza na vidonge. Wapi! Bibi zetu walikuwa na magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe. Magadi ni alkali: yakikutana na asidi gesi inatoka, unabeua, unapata nafuu. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa 1911, reli ikafuata, na mabehewa kutoka Kajiado yakawa yanapita hapa Changamwe kwenda kupakiwa melini Kilindini. Yaani dawa ya kiungulia kwa tani, na sisi tunaipungia mkono tu. Eno, iliyoanzishwa na James Crossley Eno kule Uingereza karne ya 19, nayo kazi yake ni hiyo hiyo, ila imevaa vizuri.

Shida ni kwamba hizo zinazima moto ulioshawaka. Tumbo linatoa asidi nyingine. Mwaka 1976 ndio mambo yakabadilika: Tagamet ikaingia sokoni Uingereza, kazi ya James Black na wenzake. Yenyewe inaizuia histamini isiliamuru tumbo kutoa asidi. Black akapata Nobel 1988, na mwaka huo huo Waswidi wakatoa Losec, yaani omeprazoli, inayofunga pampu za asidi zenyewe. Ndio maana unaambiwa umeze kama nusu saa kabla ya kula, maana chakula ndicho kinachoziamsha pampu. Wewe unashiba biriani kwanza ndio unatafuta kidonge!

Na haizuii kupanda. Kinachopanda kinakuwa hakina ukali, umio unapata nafasi ya kupona.

Kinachonikera ni hii tabia ya kununua vidonge viwili viwili dukani miezi na miezi. Chakula kikianza kukwama, uzito ukishuka, au choo kikiwa cheusi, hapo acha kubahatisha, nenda hospitali uangaliwe kwa kamera. Kansa ya umio ni kati ya zinazoua Wakenya wengi, na dawa inaweza kutuliza maumivu huku ugonjwa unaendelea kimya kimya. Wenye presha nao, magadi na Eno zina sodiamu nyingi, muulizeni daktari kwanza.